Njiti wa Gramu 1,100

Siku ya tatu baada ya kujifungua, mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa bado hajamgusa mwanawe. Mtoto alizaliwa wiki ya 29 ya mimba akiwa na gramu 1,100, amelazwa ndani ya mashine ya joto, mpira mwembamba wa maziwa puani. Mama alisimama mlangoni na kanga yake mabegani.

“Sista, nikimshika si nitamuumiza?” alituuliza.

Mama mkwe alikuwa ameshamwonya asimpe jina kwanza, moyo usije ukaumia mara mbili.

Akina mama, sisi wauguzi tuna la kukiri hapa. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliwaacha wazazi wawatazame njiti wao kupitia kioo, tukidhani tunawakinga watoto na maradhi. Kumbe tangu mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, Dk. Edgar Rey alikuwa ameanza kuwaweka njiti vifuani mwa mama zao, maana mashine hazikutosha na watoto waliambukizana. Ndiyo njia ya kangaruu. Utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwamo, uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba njiti wa kati ya kilo 1 na 1.8 wakianza njia hii mara tu wanapozaliwa, bila kungoja hali itulie, vifo hupungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri iwe hivyo, saa 8 hadi 24 kila siku.

Basi tulimkalisha kitini, akafungua blauzi. Mtoto tulimvika nepi, kofia na soksi tu, tukamweka wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri, miguu imekunjwa kama ya chura, tukamfunga kwa kanga. Mama alilia kimya kimya. Hatukumnyamazisha.

Wiki zile hazikuwa nyepesi. Alikamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na mwanzoni hayakujaza hata kijiko cha chai. Mgongo ulimuuma. Baba alipotoka kazini alioga, akavua shati na kumpokea. (Wapo wanaume wanaoona haya, huyu hakuona.) Jumapili moja mama mkwe aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Nipeni na mimi.” Alipokwisha kumfunga kifuani, aliuliza, “Huyu tunamwita nani?”

Miezi 8 baadaye mama alitujia machozi yakimlengalenga: mtoto wa jirani, aliyezaliwa wiki ile ile, anakaa, wa kwake anaanguka kama gunia. Tulihesabu pamoja. Alitangulia wiki 11, hivyo kwa ukuaji alikuwa na miezi mitano na nusu. Hesabu hiyo hutumika mpaka afike miaka 2. Chanjo tu ndizo hufuata siku ya kuzaliwa. Tulimwuliza pia kama alirudi hospitali kupimwa macho na masikio, kwani macho ya njiti huweza kuharibika polepole pasipo mtu kujua. Alikuwa amerudi mara mbili, kwa daladala.

Mtoto alikaa mwenyewe mwezi wa 10, kwenye mkeka wa bibi yake, sote tukinywa chai.