Tumenunua Ardhi ya Mtoni, Mbona Maji ni Yale Yale?

Kikundi kikishachanga pesa na kununua kipande cha ardhi kando ya kijito ili kulinda maji, swali huja baada ya mwaka mmoja tu, mkutanoni: "Haya, tulinunua. Mbona maji ni yale yale?" Mweka hazina huangalia chini. Sisi tunaona swali hili ni la haki, lakini jibu lake linataka utulivu kidogo.

Tutazame mji wa New York kule Marekani. Maji yake mengi hutoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, mengine umbali wa kilomita 200 hivi, na hayachujwi. Hutiwa klorini na kupitishwa kwenye mionzi ya kuua vijidudu. Miaka ya 1990 mji ulitakiwa ujenge mtambo wa kuchuja, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 6, ama uonyeshe kwamba unaweza kulinda maji yanakotoka. Mwaka 1997 ukapatana na wenyeji wa milimani: utanunua ardhi kwa anayetaka kuuza tu, kwa bei ya soko, na utailipia kodi. Wenyeji walikaza hapo kwa sababu zamani watu wao walihamishwa kwa lazima mabwawa yalipojengwa.

Je, maji yalibadilika? Hapa ndipo watu hukosea. Ardhi nyingi iliyonunuliwa ilikuwa msitu na vichaka tayari. Maji yake yalikuwa mazuri siku ya kununua, yakabaki mazuri. Faida ni nyumba na barabara ambazo hazikujengwa pale, na kitu ambacho hakikutokea hakionekani kwa macho. Tena mji ulilipia pia ukarabati wa mashimo ya maji machafu ya majumbani, na kusaidia wafugaji kuzuia ng'ombe wasiingie mitoni. Kwa hiyo hatuwezi kuipa ardhi peke yake sifa zote.

Basi kabla ya kununua, tembeeni mkaone kipande kiko namna gani leo. Kama kinalimwa hadi ukingoni, mkiacha nyasi na miti ishike, matope yanayoingia mtoni yatapungua. Kama ni kichaka tayari, msiwaahidi wanachama mabadiliko. Waambieni mnazuia kuharibika. Na kile kipande cha bei nafuu kilicho mbali na maji (tunajua kinavutia!) huenda kisisaidie sana.

Kupima si kazi ngumu. Baada ya mvua kubwa, chukueni chupa mbili za kioo, moja mjaze mto unapoingia kwenye kipande, nyingine unapotoka. Ziacheni zitulie mpaka kesho, mlinganishe matope chini, mwandike daftarini pamoja na tarehe. Anzeni msimu mmoja au zaidi kabla ya kununua. Mkipima upande wa chini peke yake mtadanganyika, maana mwaka wa mvua chache maji huwa meupe yenyewe, na mwenyekiti atajisifu bure.

Lakini chupa haionyeshi vijidudu. Choo kilicho karibu na mto kinaweza kuchafua maji yanayong'aa kabisa. Muulizeni afisa wa afya ya umma jinsi ya kupeleka maji maabara, na wakati huo endeleeni kuchemsha ya kunywa.