Kubadili Tangi la Samaki

Perege na sato unawafahamu. Samaki hawa ni wa jamii kubwa iitwayo siklidi. Mamia ya aina za siklidi huishi katika Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Ziwa Viktoria, na nyingi kati ya aina hizo hazipatikani penginepo duniani. Katika Ziwa Nyasa wapo mbuna, wakaao penye miamba. Wengi wao wana rangi ya samawati au ya manjano, nao hufugwa katika matangi ya kioo hata katika nchi za mbali.

Tuseme nyumbani mna tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni China. Sasa tunataka kufuga mbuna. Je, yafaa tuwatie humo humo? Haifai. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi kidogo, lakini mbuna huhitaji maji yenye joto la kama 25°C. Tena mbuna ni wagomvi. Kila dume hulinda mahali pake, na mgeni aendaye polepole huumwa mapezi.

Basi samaki wa dhahabu wahamishwe, wapewe mfugaji mwingine. Wasitupwe mtoni wala ziwani. Sangara aliletwa na watu katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 siklidi wadogo wa ziwa hilo, waitwao furu, walikuwa wamepungua mno, na aina nyingi zilitoweka.

Mbuna wanahitaji mawe yenye mapango ya kujificha. Mawe ya chokaa hufaa, kwa kuwa maji ya Ziwa Nyasa yana besi kidogo, na mawe hayo huyazuia maji yasiwe ya asidi. Utalitambuaje jiwe la chokaa? Lidondoshee siki. Likitoa mapovu, lina chokaa. Lioshe vizuri kabla ya kulitumia. Hakikisha kila jiwe limekaa imara, maana mbuna huchimbua mchanga, na jiwe likianguka laweza kuvunja kioo.

Wengi hudhani kwamba tangi jipya lazima liwe safi kabisa, hivyo huosha mchanga na chujio kwa sabuni. Baada ya siku chache samaki hufa, na mwenye tangi hushangaa, kwani maji yanaonekana maangavu! Sababu ni hii. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu iunguzayo matamvua yao. Juu ya mchanga na ndani ya chujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Sabuni huwaua bakteria hao, na klorini ya maji ya bomba pia. Kwa hiyo chujio lisuuzwe kwa maji yaliyotekwa katika tangi lenyewe. Tena tangi lisikae majuma mengi bila samaki, kwa kuwa bakteria watakosa amonia, nayo ndiyo chakula chao.

Mbuna wakizoea, huzaliana. Jike hutaga mayai juu ya jiwe, kisha huyachukua yote kinywani. Huyatunza humo kwa majuma matatu hivi, mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Ukimwona jike aliyevimba koo na asiyetaka kula, usimsumbue.