Kinachopaa Kitengela Huangukia Nani?

Upepo wa Nairobi na viunga vyake hutoka mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wakati wa kaskazi husukuma vitu kuelekea kusini-magharibi. Wakati wa kusi, kaskazini-magharibi. Kwa mji wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, pande zote mbili ni malisho. Upande mmoja kuna nyanda za Athi-Kaputiei. Upande wa pili, ng'ambo ya mto Mbagathi, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117 na mpaka wa kusini usio na ua. Taa ya karatasi inayorushwa usiku wa mwaka mpya hutua kilomita chache kutoka ilikowashwa. Baluni za mahafali au harusi huenda mbali zaidi. Zote huishia kwenye nyasi za mtu mwingine.

Nyasi hizo zimepungua kwa kasi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawiwa wanachama wake mwaka 1988. Mamlaka ya EPZ, yaani ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, iliundwa mwaka 1990, na viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, wafanyakazi wakavuta nyumba za kupanga. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ya 2019, watu 154,436. Nyumbu waliokuwa karibu 30,000 katika nyanda hizi mwaka 1978 walikuwa chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011. Hakuna baluni iliyowaua. Waliondolewa na ua, ploti, barabara na machimbo ya mawe. Ila kupungua huko kumebadilisha uzito wa kila takataka ndogo. Zamani mfugaji aliyekuta malisho yamechafuka aliswaga mifugo kwingine. Leo ana ekari zake ndani ya seng'enge, na seng'enge hiyohiyo ndiyo inayonasa kila kinachopeperushwa. Kiangazi kinapozidi, kama misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo kati ya 2020 na 2022, mnyama mwenye njaa hula hata alichokuwa akikipita.

Hapa inafaa kutazama tumbo la ng'ombe kwa makini. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi. Huzoa nyasi kwa ulimi na kumeza kabla ya kutafuna sawasawa, akitegemea kucheua baadaye. Utando wa plastiki au kipande cha mpira kikifika tumbo la kwanza hakiyeyuki, na mara nyingi hakipenyi kwenye tundu jembamba la kuendelea mbele. Hawezi kukitapika. Vipande hujisokota pamoja na uzi hadi vinakuwa bonge, na mnyama huonekana ameshiba huku akikonda. Waya wa fremu ya taa hufanya kazi tofauti. Kwa kuwa ni mzito, hutua katika tumbo la pili, ambalo limetenganishwa na moyo kwa ukuta wake, kiwambo na nafasi ndogo tu. Tumbo hilo hujikunja kila dakika, na kila mkunjo husukuma ncha ya waya. Ikitoboa, usaha hujaa kuzunguka moyo, na kwa kawaida tiba huwa imechelewa. Anayekata nyasi za boma rhodes kwa mashine huongeza hatari bila kujua: waya mmoja hukatwakatwa vipande na kufungwa ndani ya robota, kisha huuzwa.

Utetezi wa kawaida ni kwamba baluni za mpira asilia huoza zenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania walizijaribu katika mboji, maji baridi na maji ya bahari kwa wiki 16; matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha hazikuwa zimeoza ipasavyo. Zile za kung'aa, zilizopakwa alumini, hata hazina utetezi huo. Zaidi ya hapo hupitisha umeme, jambo zito katika kaunti yenye kituo cha umeme cha Isinya, ambako nyaya za msongo mkubwa hukutana.

Sheria ya Kenya haina upole kwa plastiki. Marufuku ya mifuko iliyoanza 28 Agosti 2017 ina faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4. Tangu 5 Juni 2020, chupa na vikombe vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga za taifa. Lakini marufuku ya kwanza inalenga mfuko, na ya pili inamlenga mgeni anayeingia langoni. Baluni huingia mbugani bila kupita langoni.

Wales walijaribu njia ya ardhi ya umma: kufikia 2018 mabaraza yote 22 yalikuwa yamekataza taa za karatasi za kurushwa kwenye ardhi yao. Kajiado njia hiyo ingeshika nini? Baada ya ranchi kugawanywa, sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi, pamoja na bustani za kukodi ambamo sherehe hufanyika. Kukataza urushaji wenyewe, popote ulipo, kungekuwa na mantiki zaidi, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti uwezo juu ya taka, burudani za umma, ustawi wa wanyama na uzimaji moto. Hata hivyo Ujerumani inaonya. Jimbo ambamo mji wa Krefeld upo lilikuwa limezikataza taa hizi tangu 2009. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2020 taa hizo ziliteketeza nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya mji huo. Wanyama zaidi ya 30 walikufa, sokwe wakiwemo. Kuzirusha kulikuwa kosa, lakini kuzinunua mtandaoni kulikuwa rahisi.

Kwa hiyo swali la utekelezaji linahamia dukani. Baluni iliyojazwa kwa pumzi haipai. Inayopaa kwa kawaida hujazwa heliamu, na heliamu huja katika mitungi mizito ambayo wauzaji wake si wengi. Ni rahisi zaidi kumkagua muuzaji wa mitungi, anayefanya biashara kwa kibali cha kaunti hiyohiyo, kuliko kumsaka bwana harusi baada ya baluni zake kuvuka Mbagathi.