Ubao Unaooza Ndani ya Boti Isiyooza

Barabara ya kutoka Dodoma kwenda Iringa hupita juu ya ukuta wa Bwawa la Mtera, na abiria aliye upande wa dirisha huona miti mikavu imesimama majini, magome yamekwisha kubanduka, matawi yamegeuka vituo vya ndege. Bwawa hilo lilijengwa kati ya 1975 na 1979 ili kukusanya maji ya mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Likijaa hufikia kilomita za mraba 660 hivi. Maji yalipopanda, pori la bondeni lilizama kama lilivyokuwa, na zaidi ya miaka 40 baadaye mashina mengine bado yako wima.

Sasa chukua boti ya faiba ya miaka 15, iliyoegeshwa kwenye mchanga wa bwawa lilelile. Kwa nje inang'aa. Lakini shika kichwa cha injini yake, kivute nyuma na mbele: inacheza kama jino bovu. Ubao uliofungiwa ndani ya plastiki umeoza, ilhali mti uliozama bila kupakwa chochote ungali umesimama. Anayeelewa sababu ya tofauti hiyo ataokoa boti yake, na pengine watu waliomo.

Ukuta wa nyuma umejengwaje?

Faiba yenyewe haiozi. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizotandazwa kama mkeka, zikaloweshwa rezini ambayo hugeuka plastiki ngumu. Mmarekani Ray Greene alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda boti ya namna hiyo, mwaka 1942. Baada ya hapo teknolojia hiyo ilienea duniani, na wanunuzi wakaambiwa wamepata chombo kisichohitaji kukalafatiwa wala kupakwa sifa na deheni. Kwa ganda la boti ahadi hiyo ni ya kweli. Kwa ukuta wa nyuma unaobeba injini, mara nyingi ni nusu ya ukweli.

Ukuta huo, tuuite ubao wa tezi, katika boti nyingi za zamani una tabaka tatu: faiba nje, plaiwudi katikati, faiba ndani. Plaiwudi haikuwekwa kwa ubahili tu. Ugumu wa bamba dhidi ya kupindwa hukua kwa mchemraba wa unene wake: unene ukizidi mara 2, ugumu hupanda mara 8. Tuseme kila tabaka la faiba lina milimita 5 na plaiwudi ya katikati ina milimita 40. Vikishikamana barabara, una bamba moja la milimita 50. Plaiwudi ikigeuka uji, unabaki na maganda mawili ya milimita 5, kila moja likijipinda kivyake. Kwa hesabu ya kitabuni, tukichukulia kwamba vifaa vyote vina ugumu unaokaribiana, ukuta wa kwanza ni mgumu mara 500 kuliko wa pili. Unene haujabadilika, rangi haijabadilika, ila nguvu imekwenda.

Na mzigo wa hapo si mdogo. Injini yaning'inia nje ya boti, kwa hiyo uzito wake huvuta sehemu ya juu ya ubao kwenda nyuma. Ikiwashwa, panga linasukuma likiwa chini sana ya vibano, na wenzo huo unakandamiza sehemu ya chini ya ubao kwenda mbele na kuzidi kung'oa ya juu. Kila wimbi huongeza pigo lake. Boliti za juu ndizo hubeba zaidi, na ndizo zilizopita katikati ya plaiwudi.

Kuvu inataka nini?

Kinachoozesha mbao ni kuvu. Mbegu zake, ndogo zisizoonekana kwa macho, ziko hewani kila mahali, hata katika vumbi la Dodoma. Zinachosubiri ni vitu vitatu kukutana: joto la wastani, hewa yenye oksijeni na maji ya kutosha ndani ya mbao. Joto tunalo mwaka mzima. Hewa ipo. Kinachoamua ni maji. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Ikivuka asilimia 30 hivi, kuta za chembe zake zimeshiba maji, na kuvu hula kwa raha.

Uwanda wa Kati unalieleza somo hili vizuri kuliko maabara. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha kiangazi kirefu. Boriti za tembe la Kigogo, zikikingwa na udongo wa paa usiovuja, hudumu kwa sababu ni kavu. Angalia nguzo ya zizi: juu ni nzima, lakini hukatikia pale inapoingia ardhini. Mchwa wana sehemu yao, lakini pia hapo ndipo unyevu wa udongo na hewa hukutana. Mti wa Mtera uko upande mwingine wa kanuni hiyohiyo. Sehemu iliyozama imeshiba maji kiasi kwamba oksijeni haifiki ndani, na kuvu za kuozesha hazipumui. Mbao huishi ikiwa kavu daima au imezama daima. Hufa ikiwa katikati.

Ubao wa tezi ni hiyo katikati, tena tumeijenga kwa mikono yetu. Maji huingia kidogokidogo kupitia tundu la boliti lililofungwa bila kuzibwa, tundu la kizibo cha kutolea maji, skrubu ya kitambuzi cha samaki, au ufa mwembamba kwenye pembe. Yakishafika kwenye plaiwudi husafiri kwa kufuata nyuzi za mti, kwani humo ndimo maji ya mti yalimopita ukiwa hai. Kisha faiba, ambayo kazi yake ni kuzuia maji, inayazuia kutoka. Ndiyo maana ukavu wa Dodoma hausaidii. Boti yaweza kukaa juani miezi mitano, ganda likakauka hadi kupauka, na plaiwudi ya ndani ikabaki imelowa.

Mbaya zaidi, kuvu aina ya kahawia huanza kwa kukata minyororo ya selulosi, ile inayoipa mbao uimara, na kuiacha lignini. Mbao iliyopoteza sehemu ya kumi tu ya uzito wake yaweza kuwa imekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Jicho linapogundua uozo, nguvu ilikwisha kuondoka zamani.

Kuna jambo moja la kuangaliwa na wanaonunua boti kuukuu Tanga au Dar es Salaam na kuipandisha bara kwa lori. Chumvi ya bahari huzidhoofisha kuvu. Adui mkubwa wa mbao baharini ni viumbe wanaozitoboa. Maji ya mvua na ya bwawa hayana kinga hiyo. Boti iliyovumilia pwani yaweza kuchakaa haraka bwawani.

Kuupima ubao

Anza kwa masikio. Gonga ubao wote kwa kichwa cha nyundo ndogo au mpini wa bisibisi, sentimita tano kwa tano, kutoka pembeni kuelekea katikati. Ubao mzima hutoa sauti kali inayorudi mkononi. Ulioachana na faiba husikika mtupu, na ulioloa hutoa mlio mzito uliofifia. Zungushia chaki kila mahali mlio unapobadilika.

Kisha fungua boliti moja ya chini. Yakitiririka maji ya rangi ya chai, jibu umelipata. Kama bado una shaka, toboa kwa drili yenye kekee ya milimita 4 kutoka upande wa ndani, bila kutokeza nje, na tazama unga unaotoka. Unga mkavu, mweupe au wa rangi ya asali, unaopeperuka kwa pumzi, ni wa mbao nzima. Ukitoka mweusi, umegandamana kama tope la kahawa na unanuka uyoga, hapo pameoza. Toboa chini kwanza, kwa kuwa maji hutuama chini, na kila tundu lizibwe kwa rezini ya epoksi siku hiyohiyo.

Kuutibu

Wako wanaotoboa matundu na kumimina rezini nyepesi ndani wakitumaini itagandisha uozo. Rezini haipenyi mbao iliyojaa maji, na palipooza hapapati tena nguvu ya nyuzi zilizoliwa. Dawa ni kuutoa ubao mbovu na kuweka mpya.

Injini hushushwa, boti huwekwa sawa juu ya magogo ili isijipinde. Fundi hukata tabaka la ndani la faiba kwa grainda, akiacha ukingo wa sentimita tano hivi kuzunguka. La nje halikatwi: linabaki kuwa kalibu ya umbo. Plaiwudi iliyooza huchimbwa kwa patasi hadi faiba safi ionekane. Tafuta pia mpaka wa uozo kwenye mbao za sakafu zinazogusana na tezi. Kuvu haiheshimu kona. Vumbi la kioo hukwaruza mapafu na ngozi, kwa hiyo barakoa ya kuchuja vumbi, miwani na mikono mirefu ni lazima. Hadena, yaani kigandishi cha rezini ya poliesta, ikiingia jichoni yaweza kupofusha.

Hapa kiangazi cha Uwanda wa Kati kinageuka rafiki. Kati ya Juni na Oktoba hewa ni kavu, na ganda lililofunguliwa hukauka vizuri. Kazi ifanyike nyuma ya ukuta au turubai, maana upepo wa Dodoma hubeba vumbi, na rezini haishiki juu ya vumbi. Epoksi hupakwa mchana jua likianza kupungua: mbao inayopata joto hupumua hewa nje na kutengeneza mapovu, ila inayopoa huivuta rezini ndani.

Ubao mpya uwe wa plaiwudi ya baharini. Wengi hudhani jina hilo lina maana ya mbao isiyooza. Sivyo. Ubora wake ni gundi isiyoachia majini na tabaka zisizo na mashimo. Mti wenyewe huoza kama mwingine ukiachiwa maji. Fundi mwingine atashawishika kuweka kipande kizima cha mninga, ambao kweli huvumilia kuvu na husifika kwa kutulia. Hata hivyo, ubao mzima hutanuka na kusinyaa zaidi kwa mapana kuliko kwa marefu, na mwendo huo huweza kuuachanisha na faiba. Plaiwudi hupishanisha nyuzi zake, kwa hiyo hutulia pande zote.

Vipande viwili au vitatu huunganishwa kwa epoksi iliyokolezwa unga hadi iwe nzito, kufikia unene uleule wa awali, ambao kwa boti nyingi ni milimita 38 hadi 50. Kabla ya hapo kila ukingo hunyweshwa epoksi nyepesi mara kadhaa, kwa kuwa huko ndiko miisho ya nyuzi iko wazi. Epoksi hushika mbao na faiba kuukuu vizuri kuliko poliesta, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Usiichanganye ndoo nzima kwa mara moja: ikigandia kwenye chombo kirefu hujichemsha yenyewe hadi kutoa moshi. Mwishoni kingo za faiba ya zamani huchongwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene wake, ili mkeka mpya ushike eneo pana.

Lililobaki ndilo hupuuzwa zaidi, nalo ndilo lililoua ubao wa kwanza: matundu. Kila tundu la boliti litobolewe kubwa kuliko linavyohitajika, lijazwe epoksi nzito, liachwe ligande, kisha litobolewe tena kwa ukubwa wa boliti katikati ya epoksi hiyo. Boliti sasa inapita katika ukuta wa plastiki na haigusi mbao popote.

Kabla ya kutia sahihi

Matunzo hayana gharama kubwa. Egesha boti omo likiwa juu, tezi chini na kizibo nje, ili mvua ya Januari ipite isituame. Fungua boliti mara moja kila mwaka, tazama, ziba upya. Usitoboe tundu jipya bila epoksi mkononi.

Boti za faiba zinazidi kuenea katika maji ya bara. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo nafuu, na wavuvi wa mabwawa kama Mtera nao wanatazamia vyombo bora kuliko mitumbwi. Hilo ni jema. Lakini mkopo huhesabiwa kwa miaka, na uozo nao vilevile. Bwawani Mtera, penye mamba na viboko, injini inayong'oka na kipande cha ukuta huacha tundu linaloingiza maji ambayo hakuna kopo litakaloyamaliza kwa kuchota.

Kwa hiyo vikundi vya wavuvi, na halmashauri zinazowakopesha, waulize maswali mawili kabla ya kutia sahihi: ndani ya ubao wa tezi kuna nini, na matundu ya boliti yamezibwaje? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza ganda tu. Kwa boti ambayo tayari mnayo, chukueni nyundo wiki hii, kabla mvua hazijaanza.