Mji wa Dayton wala kwa jina la ndege

Jina zuri ni mtaji, lakini benki haikopeshi kwa jina tu. Mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, umekuwa ukilihangaikia suala hilo kwa miaka mingi. Ndiko walikoishi Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli waliorusha ndege yenye injini Desemba 17, 1903. Kwa bahati mbaya kwa wenye hoteli wa Dayton, ndege hiyo iliruka North Carolina, na leo hii inaonyeshwa Washington.

Hasara haikuishia hapo. Mwaka 1936 tajiri wa magari Henry Ford alilinunua jengo la karakana ambamo ndege ile ilitengenezwa. Mwaka uliofuata karakana hiyo, pamoja na nyumba ya familia ya Wright, vilibomolewa kwa uangalifu na kujengwa upya katika makumbusho yake huko Dearborn, jimbo la Michigan. Kwa lugha ya sokoni, Dayton iliuza stoo na kubaki na kibao cha dukani.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali sana, maana viwanda vilikuwepo. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu 262,332. Sensa ya 2020 ilikuta 137,644. Kampuni ya NCR, iliyoanzishwa hapo mwaka 1884 kutengeneza mashine za kupokelea fedha madukani, ilitangaza mwaka 2009 kwamba inahamia Georgia. Miezi michache kabla, Desemba 2008, General Motors ilikuwa imekifunga kiwanda chake cha Moraine, jirani na mji huo. Ndipo mgeni mwenye kamera alipoanza kuonekana mteja wa maana.

Kivutio kikubwa ni Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, kaskazini mashariki ya mji. Ndege na makombora yaliyopo yanazidi 350. Imo Bockscar, iliyodondosha bomu la atomiki Nagasaki Agosti 9, 1945, na ipo ndege ya Rais Kennedy, ambayo mgeni anaruhusiwa kupita ndani yake. Humo ndimo Lyndon Johnson alimoapishwa Novemba 22, 1963, mwili wa mtangulizi wake ukiwa ndani ya ndege hiyo hiyo.

Kiingilio ni bure. Maegesho nayo bure. Msomaji mwenye duka atauliza faida inatoka wapi. Ndani kuna sinema, mgahawa na duka la zawadi, na huko mgeni hulipa. Mfuko wa wafadhili husaidia ujenzi. Jengo la nne, lililofunguliwa mwaka 2016, liligharimu dola milioni 40.8 za michango, si za kodi. Mwandishi wa makala hii anaona mpango huo ni mzuri kwa makumbusho, ila kwa mji una kasoro. Barabara kuu za I-70 na I-75 zinakutana karibu hapo, na familia inaweza kuingia asubuhi, ikashangaa siku nzima, ikaondoka jioni bila kulala hata usiku mmoja.

Kuna na hatari ya kumtegemea mwenye mali mmoja. Bajeti ya serikali ilipokwama Oktoba 2013, milango ilifungwa kwa zaidi ya wiki mbili. Mwenye mgahawa wa jirani hakuwa na bungeni pa kupigia kelele.

Kwa hiyo mwekezaji makini angeangalia pia Carillon Park, iliyofunguliwa mwaka 1950 na ambayo inatoza kiingilio. Pale ipo ndege ya Wright ya mwaka 1905, ambayo kwa maoni yetu ina thamani kuliko ile ya Washington: ndiyo iliyoweza kukata kona na kuzunguka, na Oktoba 5 mwaka huo ilikaa angani dakika 39 katika malisho ya Huffman, nje ya Dayton. Orville mwenyewe alisaidia kuikarabati kabla ya kufa mwaka 1948.

Malisho hayo yana historia nyingine itakayowafurahisha wauza vitambaa. Novemba 7, 1910 ndege ilitoka hapo na majora ya hariri ya duka moja la Columbus, safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya mzigo wa kibiashara kwa ndege. Mwenye duka alikata vipande vidogo vya hariri ile na kuviuza kama kumbukumbu. Huyo alijua kazi yake.

Waliobaki nyuma ni majengo ya kiwanda cha ndege cha Wright, yaliyojengwa mwaka 1910 na 1911. Yalikuwa hayajafunguliwa kwa wageni, na Machi 2023 moto uliyaunguza vibaya.