Je, Wajua? Jino, Mshahara na Deni la HELB

Je, wajua kwamba Turkana ina mgonjwa wa jino wa kale sana? Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Taya lake lilikuwa na dalili za uvimbe pale jino la utotoni lilipong'oka, na wapo wataalamu waliohisi kuwa maambukizi hayo ndiyo yaliyomuua.

Je, wajua kwamba daktari wa meno nchini Kenya husoma miaka 5, kisha hutumikia mwaka mmoja wa uanagenzi?

Je, wajua kwamba deni halingoji mshahara? Mkopo wa HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa mwaka 1995, hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Anayekosa kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, awe na kazi au hana. Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa aliyekopa. Marekani, wahitimu wa udaktari wa meno waliokopa hudaiwa wastani wa karibu dola 300,000.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 ulisema 206,400? Wanagenzi wa meno walikuwamo. Madaktari waligoma siku 56, na mvutano wa wanagenzi ukaendelea hadi Desemba. Huo si uchoyo wa vijana. Ni ahadi iliyotiwa saini.

Je, wajua kwamba tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linatambua uchovu wa kupindukia kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufanikishi lolote? Hiyo ya tatu ndiyo inayonigusa. Daktari amefunzwa kuokoa jino, lakini mgonjwa anayetoka mbali kama Kaikor, kaskazini kabisa mwa Turkana karibu na mpaka, huku hospitali ya rufaa ya kaunti ikiwa Lodwar, mara nyingi hufika jino limekwisha kuoza. Kazi inabaki sindano ya ganzi na kung'oa. Kuziba kunahitaji stima, maji safi na kiti cha meno kizima. Kimoja kikikosekana, ujuzi wa miaka 5 unalala. Shingo na mgongo navyo huuma kwa kuinama kutwa.

Je, wajua kwamba madini ya floraidi yaliyozidi katika maji ya Bonde la Ufa hutia meno rangi ya kahawia tangu utotoni? Kinga yake ni maji salama, na hayo hayatoki kwa daktari.

Je, wajua kwamba Waturkana hupiga mswaki kwa kijiti cha esekon tangu jadi? Daktari anayepelekwa huko hawakuti watu wasiojali vinywa vyao.

Marupurupu ya mazingira magumu pekee hayatamfanya daktari abaki huko. Kaunti ya Turkana iwalipie karo watoto wa Kaikor na Kakuma wanaotaka kusomea meno, iwape mkataba wa kurudi nyumbani, na kiti kiwe kinafanya kazi kabla hawajafika.