Kijana na vyuma: nani amesimama kando yake?



Baada ya Misa ya kwanza mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa. Mwanawe ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na kila jioni anatoroka kwenda uani kwa jirani ambako vijana wamejitengenezea jimu yao: bomba la chuma, na kila ncha kopo la rangi lililojazwa zege. “Baba, huyu mtoto si atadumaa?” akaniuliza. “Baba yake ameapa akimkuta tena huko atamchapa.” Wazazi wengi wameshaniuliza hivyo hivyo. Leo nalijibu swali hili hapa, na nalijibu kwa urefu kidogo, maana kuna fimbo inangoja.

Tuanze na kimo. Mfupa mrefu wa mtoto, kama wa paja au wa mkono, hauongezeki kwa kuvutika katikati kama mpira. Unakua karibu na ncha zake, mahali penye tabaka laini la gegedu. Tabaka hilo hutengeneza mfupa mpya mpaka balehe inapokaribia mwisho, kisha nalo hugeuka mfupa na kufungwa. Kwa wasichana wengi huwa ni kwenye miaka 14 au 15, kwa wavulana 16 au 17, wengine zaidi. Kwa kuwa tabaka hilo ni laini kuliko mfupa, watu waliogopa kwamba uzito utalisaga. Tena waliwaona watoto wa kazi za kubeba mizigo wakiwa wafupi, wakaulaumu mzigo. Wachache waliuliza watoto hao walikuwa wamekula nini.

Madaktari wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinaeleza kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayajaonekana kumzuia mtoto kukua wala kuharibu tabaka hilo. Hata mtoto wa miaka 7 au 8 anaweza kuanza, mradi awe anasikiliza na kufuata maelekezo. Kunyanyua vyuma kulikuwa miongoni mwa michezo ya Olimpiki ya Vijana ya kwanza kabisa, Singapore, mwaka 2010. Mpira wa miguu, ambao sijasikia baba akiuchapia mtu fimbo, huumiza watoto wengi zaidi.

Hapa niseme neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yetu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Tunawatwisha binti zetu wa miaka 11 ndoo hizo kutoka bombani, asubuhi na jioni, na hakuna mzazi aliyewahi kuja ofisini kwangu kuuliza kama watadumaa. Udumavu wa kweli tunao, na haukutoka jimu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayotulisha sisi wengine, ndiyo iliyoongoza. Kimo cha mtoto huanza kupotea kwenye sahani ya chakula, tangu akiwa tumboni hadi anapotimiza miaka miwili.

Basi yule baba aweke fimbo chini? Ndiyo, lakini asirudi barazani kukaa. Madaktari hao hao wanaoruhusu wameweka sharti la usimamizi, na huko uani hakuna msimamizi. Vijana wale wanafundishana kwa kukisia. Mwenye kifua kikubwa ndiye mwalimu. Bomba lenye makopo ya zege haliongezwi uzito kidogo kidogo: ama unaliinua lote, ama unaliacha. Mtoto inampasa aanze bila uzito wowote, hata kwa mti wa fagio, mpaka mgongo uzoee kukaa sawa. Kisha apewe uzito mdogo anaoweza kuuinua mara 8 hadi 15 bila kujipinda wala kubana pumzi, siku 2 au 3 kwa wiki, na siku za kupumzika katikati. Kuinua uzito wa mwisho wa uwezo wake ili kumshinda mwenzake, hapana. Majeraha mengi ya watoto wadogo ni ya vidole, vya mikono na vya miguu, chuma kikianguka au kikibana. Vijana wakubwa huumia zaidi kiunoni. Na aliyelala kwenye benchi peke yake, bomba likimshinda, linamshukia kifuani au shingoni, na hapo hakuna wa kuliondoa. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo au kifafa aende kwanza kwa daktari.

Lakini hatari ninayoiogopa kuliko zote inaingia mfukoni. Kabla ya balehe, mtoto anayefanya mazoezi hupata nguvu kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli. Misuli yenyewe hainenepi sana, kwa kuwa homoni bado ni chache. Kijana wetu haelezwi hivyo. Anajitazama kwenye kioo baada ya miezi miwili, kifua ni kile kile. Anafungua simu, anaona mabaunsa. Ndipo anapotokea kaka mmoja mwenye vidonge au sindano. Dawa hizo, steroidi za kujenga mwili, ni homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani, na kwa kijana anayekua zinaweza kufanya kile kile alichokihofia mama yule: hulifunga tabaka la ukuaji kabla ya wakati, na kimo kikasimama hapo maisha yote. Zinaweza pia kudhoofisha korodani za mvulana na kumwotesha matiti, kumpa msichana sauti nzito isiyorudi, na kuumiza ini. Kwa hiyo mzazi anayekagua vyuma akague na begi la shule. Misuli inajengwa na mayai, dagaa, maharage, karanga na maziwa. Unga wa kwenye kopo ambao hatujui umechanganywa na nini, wa nini?

Mwinjili Luka, anapofupisha miaka ya Yesu kule Nazareti, anataja hekima yake na hasahau kutaja kimo. Napenda kutua hapo ninapofundisha watoto wa kipaimara. Mwana wa Mungu aliupokea mwili unaokua kwa mwendo wa mwili. Miaka kama 30, na karibu yote haikuandikwa. Injili ya Marko inatuambia watu wa kwao walimjua kama seremala, na seremala wa zama zile hakuwa na mashine. Mbao na mihimili ilibebwa begani. Kwa hiyo naamini Yesu wa miaka 14 alinyanyua vitu vizito, na Mtakatifu Yosefu alikuwa ameshika upande wa pili wa mti. Injili haisemi hivyo, ni fikra yangu. Lakini aliyewahi kufanya kazi kwa fundi anajua kwamba mwanafunzi hapewi ncha nzito siku ya kwanza.

Mtakatifu Yohane Bosco alijenga malezi yake juu ya jambo hilo. Yeye mwenyewe utotoni alitembea juu ya kamba na kufanya sarakasi mbele ya majirani, kwa hiyo hakuuonea mwili wa kijana haya. Kule Turin aliwataka walezi wawe uwanjani pamoja na vijana wakati wa michezo, siyo kuwachungulia dirishani. Katika maandishi yake ya mwaka 1877 alitofautisha mlezi anayengoja kosa ili aadhibu na mlezi anayekuwapo ili kosa lisitokee. Wasalesiani wake wanaendelea na kazi hiyo hapa kwetu, Dodoma, Iringa na Upanga. Baba mwenye fimbo anajua yuko upande gani.

Wapo watakaosema padri ameacha roho akashika misuli. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, aliyapa mazoezi ya mwili faida kidogo. Wahubiri wengine wanasoma “kidogo” wakaelewa “hakuna”. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inatudai tuutunze mwili kama zawadi tuliyokabidhiwa na Mungu. Namba inayofuata inakataa tuuabudu na kuutolea kila kitu sadaka. Dalili ninayoiangalia mimi ni kijana anayeacha masomo, jumuiya na chakula cha pamoja nyumbani kwa ajili ya kioo. Huyo nina neno naye, hata kama anainua vizuri sana.

Parokiani kwetu nimelipeleka suala hili kwenye halmashauri ya walei. Nyuma ya ukumbi tuna stoo ambayo ndani yake kuna viti vibovu tu. Mwalimu mstaafu wa michezo amejitolea kuwa hapo kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10 jioni, kwa wavulana na wasichana, na makopo ya zege ameyakataa kabisa. Anaomba mikeka ya mpira, benchi mbili, na vyuma vidogo vya kilo 1 hadi 5. Mjumbe mmoja alipojitolea kuleta kioo kikubwa, mwalimu alimshukuru, akasema kioo hakihitaji. Sharti lake ni moja: siku ya kwanza kila kijana aje na mzazi wake, na mzazi huyo akae mpaka zoezi liishe.